Kitabu Kilichoingia kwa Ngoma

Kwanza muniambie: nani alisema kitabu kiingie kanisani kwa ngoma? Si mi. Mi nilikuwa nimekaa kwenye benchi yangu, nawaza maharagwe niliyoacha kwenye moto, mara nasikia ngoma inabadilika. Nageuka. Naona bamama ba kwaya banaingia kwa mlango wa nyuma, banatikisa mabega, na yule wa mbele amebeba kitu kichwani, kimefungwa kitenge cha kijani. Kile kitenge nilikijua. Kilikuwa kipande kilichobaki kwenye gauni yangu ya Pasaka. Nikamtafuta bwana yangu Asani kwa macho, nikamwona kule upande wa babaume, anacheka peke yake kama mtu aliyeoa leo.

Katika kanisa letu, hapa Dzaleka, kambi ya bakimbizi ya Malawi, kitu kipya hakikai nyumbani hivi hivi. Debe la kwanza la mahindi, mashini ya kushona, gitaa ya kwaya, vyote vinapita kwanza mbele ya Mungu, vinachezewa, vinaombewa, njo mwenyewe anapewa. Na kitu kikishachezewa hakirudi dukani. Hiyo haikuandikwa mahali, lakini muulize mtu yeyote.

Pasta Mulenda akakipokea, akakipima kwa mikono miwili, akasema, "Mm! Hii sasa ni elimu!" Kanisa lote likapiga vigelegele. Akaomba juu ya kichwa changu, juu ya macho yangu, ata juu ya miwani ambayo sina. Akaniita. Nikapiga magoti, nikapewa, mikono ikashuka kidogo kwa uzito. Nikalia. Mi nakasirika upesi na nalia upesi, njo nilivyo, Asani alinioa akijua. Lakini siku ile nililia machozi ya kweli, ju tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniletea kitabu kiwe changu.

Sasa nieleze sababu yake. Kanisa letu iko na materneli, kilasi ya batoto badogo ambao hawajafika umri wa shule. Mwalimu wao alipata safari, akaenda kuishi Kanada na bantu bake, nikabaki mi niliyekuwa msaidizi, wa kupika uji na kufuta makamasi. Batoto bananipenda, sisemi kwa kujisifu. Lakini Pasta aliniambia wazi: "Mama Béatrice, ukimaliza formasio, mafunzo ya balimu ba batoto, hiki kilasi ni chako. Ukishindwa, komite italeta mwingine." Nikarudi nyumbani nikamwambia Asani kwamba hiki kilasi nakitaka kuliko kitu chochote hapa kambini, kuliko ata safari ya Kanada. Akaacha mkasi mezani. Anajua nikisema hivyo sichezi.

Formasio ilikuwa hapa hapa kambini. Mwalimu wetu alikuwa Madame Marguerite, mumama wa Bukavu, mwembamba, akikuangalia juu ya miwani unakumbuka dhambi zako zote. Akatupa kazi. "Kila mtu atafute kitabu kimoja cha kuanzia," akasema. "Cha kuanzia, munanisikia? Mutakisoma. Kisha kila mmoja atasimama mbele ya benzake, aeleze sura moja kwa mfano wa mtoto anayemjua kwa jina. Anayeweza, ataendelea sehemu ya pili. Asiyeweza, tutaagana vizuri."

Mtoto wangu nilikuwa nimeshamchagua: Irakiza. Mtoto mudogo wa Amanda, yule Murundi anayeuza nyanya soko la Mponela. Kila asubuhi Amanda anamleta, na kila asubuhi Irakiza anasimama mlangoni, anashika mbao ya mlango kwa mkono mmoja, haingii. Halii, hasemi, hakai. Nikimvuta anakuwa mugumu kama mti wa kuni. Anasimama pale mpaka uji unaiva, njo anaingia, anakunywa, anarudi mlangoni. Nilimpenda yule mtoto mpaka nilikasirika naye. Nilitaka kitabu kiniambie nimfanye nini.

Asani ni fundi wa nguo, iko na mashini yake kule sokoni. Wakati ule alikuwa anaenda Lilongwe kutafuta uzi na zipu. Nikamwambia, "Baba Divin, pita kwa bauza vitabu Kawale, uniletee kitabu cha kuanzia cha balimu ba batoto badogo." Divin ni kijana wetu wa kwanza. Asani akasema sawa. Hakuuliza swali ata moja, na mi hapo njo ningeshtuka, ju mutu yule akienda kununua vifungo tu anauliza maswali mpaka kichwa kinauma.

Basi, Jumapili tumetoka kanisani, tumekula, nimekaa chini ya dirisha na kitabu changu kilichochezewa. Nimefungua. Mama wee! Kingereza chenyewe kilikuwa kile cha bantu bakubwa, na mi changu ni cha shule ya jioni. Lakini hiyo si kitu, iko dikisyoneri. Nikasukuma neno kwa neno. Sura ya kwanza: bazee ba Ulaya bamekufa zamani, nani alibishana na nani. Sura ya pili: mishale. Mshale unatoka serikali unaenda wizara, unatoka wizara unaenda wilaya, ingine inarudi juu. Nikafuata mishale yote kwa kidole nikitafuta pale mwisho kuna mtoto. Hakuna. Kilikuwa kitabu cha bantu banaopanga shule za inchi nzima. Irakiza wangu amesimama mlangoni, na hiki kitabu kiko kwenye ofisi ya waziri.

Na Asani? Lo, Asani alikuwa na furaha mpaka ilikuwa inaumiza kumwangalia. Kile kitenge cha kijani alikuwa amekishonea kitabu kama koti, na mifuko miwili ya kuingizia gamba. Nikikaa kusoma anatoa batoto bote inje. Ananiletea maji. Kule sokoni kila mteja anayekuja kupima suruali lazima asikie habari: "Bibi yangu anasoma buku kubwa kweli, ata Pasta alilipima kwa mikono." Bantu basiojua kusoma wananisimamisha kisimani, "Zikomo, asante mwalimu, tumesikia." Mi nacheka na meno tu.

Alikuwa ananiuliza, "Inaendaje, Mama Divin?"

"Ninasoma," nasema. Ilikuwa kweli. Kuelewa hakuuliza.

Siku ya kusimama mbele ya Madame Marguerite ilikuwa inakuja, na mi sikuwa na sura ya kueleza. Nikasema nitaenda mwenyewe. Nikachukua ruhusa ya kutoka kambini, nikamwambia Asani naenda kuangalia kitambaa cha aproni za batoto, nikapanda kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu, mpaka barabara, kutoka pale basi ndogo, tukapita Kanengo na harufu yake ya tumbaku, mpaka mjini, mpaka Kawale.

Muuza vitabu ni Sinzinkayo, Murundi aliyeoa Mumalawi, njo maana alibaki mjini wakati benzetu bengi walirudishwa kambini. Vitabu vyake anavitandaza chini juu ya hema, turubai la zamani, vya zamani vyote, na yeye anakaa katikati kwenye kiti cha plastiki. Nikamwambia mi ni bibi ya yule fundi wa Dzaleka aliyechukua kitabu kikubwa cha batoto.

"Aaa!" akasimama kabisa. "We njo Mama Divin! Karibu! Yule bwana yako alinitesa. Nilimwonyesha kwanza hiki hapa." Akainama, akatoa kitabu chembamba, gamba limekunjika pembeni. "Nikamwambia, kwa mtu anayeanza, hiki njo chake. Akakishika kwa vidole viwili, hivi, akakirudisha. Akasema, 'Bibi yangu si mtoto mudogo. Walimtoa kwa shule ju ya vita akiwa wa kwanza kwa kilasi. Nipe kile kikubwa kabisa ulicho nacho.' Nikajaribu kumweleza. Akanyanyua vyote, kimoja kimoja, kama anapima nyama."

Nilitaka kukasirika. Nilifungua ata mdomo. Lakini maneno yale, wa kwanza kwa kilasi, mi nilimwambia Asani mara moja tu, zamani sana, tukiwa bachumba kule kwetu Uvira, Kongo, na sikujua kama aliyabeba mpaka huku. Nikakaa chini juu ya hema, katikati ya vitabu vya watu, nikafuta macho kwa kitenge. Sinzinkayo akaangalia upande mwingine, mtu mzuri yule.

Kisha nikafungua kile chembamba. Nilisoma nikikaa pale pale. Kingereza chake kilikuwa chepesi, maneno mafupi. Sura ya kwanza ilianza na mtoto amesimama mlangoni. Nawaapia! Si Irakiza, mtoto wa huko kwao, lakini mlango ulikuwa ule ule. Kitabu kikauliza: mama yake anaondoka namna gani? Anaaga, au anatoroka mtoto akigeuza macho?

Anatoroka! Mi njo nilimfundisha Amanda kutoroka! Kila siku namwambia, "Kimbia, kimbia, hajakuona!" Na kitabu kikasema mtoto anayetorokwa anajifunza kulinda mlango. Nikaskia joto kwa masikio. Nikataka kukifunga, nikakibishia kwa sauti, bantu banapita bananiangalia. "We unajua nini, Amanda atachelewa soko!" Lakini nikarudi tena kwenye ule ukurasa. Kile kikubwa nilikisoma wiki nzima na hakikunikasirisha ata kidogo, kilinilaza tu. Hiki kilikuwa kinanigombeza juu ya mtoto ninayemjua.

"Nakitaka," nikasema.

"Rudisha kile kikubwa, tutabadilishana, kitabu kwa kitabu," akasema Sinzinkayo. "Kile iko na mtu anakiulizia, mkubwa wa ofisi fulani. Hiki nitakuwekea."

Kurudisha! Kitabu kilichochezewa! Nilirudi kambini bila kitambaa na bila kitabu, na kichwa kimejaa.

Asubuhi yake nikamkamata Amanda mlangoni kabla hajatoroka. Nikamwambia, "Mama Irakiza, leo hutakimbia. Muinamie, umwambie unaenda Mponela, utarudi jua likiwa pale." Akaniona kichaa, lakini alifanya. Irakiza akamwangalia mama yake mpaka alipopotea kwenye kona. Alilia, mara ya kwanza kumwona analia. Nikaweka beseni ya mahindi na vikombe karibu na mlango, nikakaa chini mi mwenyewe, nikaanza kumimina, simwiti, simvuti. Siku ile hakuja. Siku ya pili akachutama. Siku iliyofuata aliachia ile mbao ya mlango, akachukua kikombe, akamimina, na akaniambia kwa Kirundi kwamba mi namwaga hovyo. Maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa ya kunigombeza! Nikamkumbatia mpaka akanisukuma.

Sasa nilikuwa na mtoto wa kueleza, lakini nilikuwa nimesoma kurasa chache tu kwenye hema ya mtu. Sikujua kwa nini imefaa, wala nifanye nini kesho. Bila kile kitabu Madame Marguerite angenimaliza kwa swali moja.

Jioni tunakula nsima, ugali wa huku. Asani akasema, kwa upole wake wote, "Mama Divin, buku limefika wapi?" Na mi, badala ya kusema taratibu kama mutu, nikalipuka.

"Halijafika mahali! Baba Divin, ile buku siielewi! Ni ya mawaziri! Hakuna mtoto ndani, ni mishale tu! Nitashindwa, na kilasi batampa mtu mwingine, na we utaendelea kuwaambia bateja eti bibi yangu, bibi yangu!"

Divin akachukua sahani yake akatoka inje. Asani alibaki na tonge mkononi. Nilijuta kabla sijafunga mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Akarudisha tonge kwenye sahani, akanawa.

"Mi sijui Kingereza," akasema. "We unajua hivyo. Nilifanya namna ninavyojua. Mama akileta mtoto nimshonee yunifomu, simshonei ya leo. Mtoto anakua. Namwachia pindo, avae mwaka huu na ule unaokuja, ju hapa kambini nani atashona mara mbili? We pia, nilijua utakua. Nilikuchukulia ile yenye pindo kubwa kuliko zote."

Mungu wangu, yule mwanaume. Nilimpenda pale kupita kiasi. Lakini nilipaswa kusema.

"Baba Divin," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, "pindo unalikunja. Unalikunja ndani, unalishona. Humuachi mtoto atembee nalo linaburura chini. Mi nimekuwa naanguka."

Akaniangalia. Kisha bega likaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Fundi gani mi," akasema, "nimesahau kukunja." Tukacheka wote mpaka Divin akachungulia mlangoni kuona kama tumepatana.

Yeye njo alitaka twende kwa Pasta Mulenda. Mi niliogopa. Nilisema tukitoe kwa siri, tukifunge kwenye mfuko na zipu zake. Akakataa: "Waliona kikiingia. Kikitoka kwa siri watasema ni we umeshindwa." Pasta alisikiliza habari yote, akakuna ndevu. Haijawahi kutokea kitu kurudi. Mwishoni akasema, "Kwani Mungu anapokea tu, hatumi? Kilichoingia kwa ngoma kitatoka kwa ngoma."

Jumapili iliyofuata, bamama ba kwaya banakuja kukichukua, Asani akabazuia. Akakiweka kichwani mwenyewe. Mwanaume! Kichwani! Katika kanisa letu babaume banatoa sadaka kwa mkono, banatembea kama maaskari. Asani wangu, aliye na mguu mmoja mfupi kidogo, akatoka madhabahuni anacheza kuelekea mlangoni, shingo imenyooka, mabega yanatikisika vibaya sana, hakufuata ngoma ata kidogo. Bantu balicheka mpaka benchi zikalia. Mlangoni akageuka, akasema kwa sauti, "Bandugu, nilimkatia bibi yangu nguo kubwa. Kosa ni la fundi. Nairudisha nimletee ya kipimo chake." Nikapiga kigelegele peke yangu, kisha kanisa lote likanifuata.

Alikipeleka Kawale mwenyewe, akarudi na kile chembamba. Safari hii alikishika kwa mikono miwili.

Nilikisoma mpaka nikajua ata pale mchapaji alipoharibu. Siku yenyewe ilipofika nilisimama mbele ya benzangu na Madame Marguerite, nikaeleza mtoto anayelinda mlango. Nikawaambia ni mi nilimfundisha mama yake kutoroka, na kwamba nilikosea. Madame akaniuliza maswali, moja, lingine, lingine tena, anajaribu kunitega. Nilijibu yote kwa Irakiza: beseni, vikombe, mama anayeaga. Mwishoni akavua miwani, kitu ambacho hatukuwahi kuona. "Sehemu ya pili inaanza Jumanne," akasema. "Usichelewe, mwalimu." Nikalia tena. Msinicheke.

Akaomba aone kitabu. Nikampa. Kilikuwa kimevaa lile koti la kijani, lile lile la buku kubwa. Asani alikuwa amelikalia jioni nzima, mi nikidhani atalikata kwa mkasi lienee kitabu chembamba. Lilikuwa limekaa vizuri, limebana. Lakini Madame Marguerite alipokishika akasikia unene kwenye gamba. Akaingiza kidole, akageuza kitenge kwa ndani. Kitambaa chote kilikuwa pale. Asani hakukata ata kipande. Alikikunja mara mbili, mara tatu, akakishona kwa ile mishono mirefu ya kufumuka upesi.

"Huyu fundi mbona hakukata?" akauliza. "Ameacha kitambaa chote hiki cha nini?"

Sikuwa nimekiona mpaka pale. Nilishika ule mkunjo kwa vidole.

"Ni pindo, Madame," nikasema. "Bwana yangu anasema bado nakua."